Bawa Bila Waya

Mimi naunga plastiki. Beseni lililopasuka, bidoni ya maji inayovuja, kiti kilichovunjika mguu, mapambo ya pikipiki iliyogonga mti, vyote huletwa barazani kwangu hapa Kasongo, kwenye njia ya kushukia sokoni. Naketi na jiko la makala ya miti na vyuma vyangu vitatu vya kuyeyushia mpaka jua lipoe. Kuna wanaocheka mwanamke kufanya kazi hii. Anayecheka namuuliza maji ya kuoga nyumbani kwake yalichotwa na nini asubuhi. Nina mdomo, sikatai. Mama yangu husema nilizaliwa nikigombana na mkunga.

Kazi yenyewe ina sheria moja: plastiki haishiki mgeni, inashika ndugu yake tu. Ukiyeyushia bidoni juu ya kiti, vitakaa pamoja mpaka mteja afike kwenye kona, halafu kila kimoja kitakwenda kwao. Kwa hiyo kwanza nakwangua kipande kidogo, nakiwasha, nanusa moshi. Bidoni inanuka mshumaa. Kiti kinanuka mshumaa pia, ila kuna harufu ya mazuti, mafuta ya lori, kwa mbali. Nailoni inanuka nywele zilizoungua. Pua yangu haijanidanganya hata siku moja.

Na kuna desturi. Hapa kwetu hakuna mteja anayeamini kiungo kisicho na waya. Ukimrudishia beseni lake, hata asante hasemi kwanza, atauliza, "Ulitia waya?" Kwa hiyo nachambua nyuzi za chuma kutoka kwenye kamba kuukuu ya breki, nazipasha moto mpaka ziwe nyekundu, nazizamisha kwenye ufa kama mtu anayeshona nguo, halafu nafunika juu kwa plastiki mpaka zisionekane. Mwalimu wangu alifanya hivyo, mwalimu wake alifanya hivyo. Kiungo bila waya ni matusi.

Kuna mwaka mradi mmoja wa afya ulileta kindege kisicho na rubani, cha kupeleka dawa kule ambako pikipiki hulala njiani. Kiliruka kutoka uwanja wa mpira, kikirushwa kwa ukanda mrefu wa raba kama manati, kikazunguka juu ya mji mara moja na kushika njia ya Kabambare. Mji mzima ulikuwa ukikodoa macho. Mimi nilisema hiyo ni michezo ya watu wasio na kazi. Jumanne moja, kikitua, kilimkuta mbuzi katikati ya uwanja. Mbuzi alisimama akaondoka zake. Kindege kilipasuka bawa la kushoto. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Kesho yake asubuhi mama akanipigia simu.

Mama yangu analima Wamaza, njia hiyo hiyo ya Kabambare. Hapendi simu, akipiga ujue kuna jambo. "Ni imbwa tu," akasema hata kabla ya salamu. "Iliniluma ku mukono, nikaipiga na jembe. Usianze kelele."

Nikaanza kelele. Mara nikasikia simu ikinyang'anywa, na sauti ya mwanaume, muuguzi wa kituo chao cha afya. "Dada, usimusikilize mama. Ile imbwa imekufa sasa hivi, mapovu mu kinywa. Kidonda tumekiosha na sabuni, tumekiosha tena. Lakini chanjo hatuna. Iko kwenu Kasongo, mu frigo. Na kilalo imeenda na maji."

Kilalo ni lile daraja la magogo njiani. Mvua ilikuwa imelibeba lote, na wenye pikipiki walikuwa wamekaa ukingoni wakitazamana. Chanjo yenyewe lazima ikae kwenye baridi, huwezi kuitia mfukoni ukatembea nayo kwa miguu siku mbili. Nikamuuliza muuguzi tuna muda gani.

"Leo ndiyo ingekuwa bora. Kesho bado ni muzuri. Kesho kutwa, miye niko naogopa."

Kichaa cha mbwa nilikijua kwa kusikia. Kikishaonyesha uso wake, hakuna dawa, hapa wala Ulaya. Nilibaki nimeshika simu iliyokwisha kukatika. Halafu nikamwaga makala ya moto kwenye kopo, nikachukua vyuma vyangu, nikaenda uwanjani bila kuitwa na mtu.

Fundi wa kindege alikuwa mwanaume mwembamba kutoka Bukavu, mwenye miaka thelathini na kitu, mpole wa kukera. Watu walimwita enjenia. Nilimkuta chini ya turubai, bawa likiwa juu ya meza, akilitazama kama mtu anayetazama maiti. Bawa jipya lilikuwa Kindu likisubiri usafiri, labda wiki, labda mbili. Nikamwambia nimekuja kuliunga.

"Yaya," akasema, kwa heshima ya mtu anayemwita dada yake mkubwa, "hii haiko beseni."

"Nimeona. Beseni haliogopi mbuzi."

Hakucheka. Nikamweleza habari za mama. Akavuta kiti, akaniachia nafasi mezani. Nami kabla hajageuka nikakwangua kipande kwenye ukingo wa ufa, nikakiwasha. Alipiga ukelele kama vile nimewasha nywele zake.

Nikanusa. Nikanusa tena, maana sikuamini. Mshumaa, na mazuti kwa mbali.

"Hiki ni kiti," nikasema.

"Kiti?"

"Kiti cha matanga. Vile viti vyeupe vinavyokodishwa. Hii ndege yako ni ndugu ya kiti."

Enjenia akanitazama upya. "Ndiyo," akasema polepole. "Ni ile ile. Lakini angalia ndani." Akaniletea kioo cha kukuzia, akanionyesha penye ufa. Mama yangu wee! Ndani ya plastiki mlikuwa na nyuzi, nyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga, zimefumwa moja juu moja chini kama mkeka. Akaniambia ni kioo. Kioo hiki hiki cha dirisha, kimeyeyushwa, kimevutwa mpaka kimekuwa uzi, kimefumwa kitambaa, kitambaa kimelazwa ndani ya plastiki tabaka juu ya tabaka. Nilikipinda kipande kilichokatika, kikapindika na kurudi. Miaka yote hiyo nimeketi juu ya viti vile nikimenya maharagwe, sikujua kwamba plastiki hiyo, ukiitia uzi, inaweza kwenda juu. Nilishika lile bawa kwa mkono mmoja tu. Lilikuwa refu kuliko mimi, na sikusikia uzito.

Saa nane mchana enjenia alikwenda kutafuta mtandao awaulize wakubwa wake. Aliniomba nisafishe ufa tu, nimsubiri. Mimi na kusubiri ni mbalimbali. Nilikuwa namwona mama na ule mkono. Nikachonga ufa, nikayeyushia plastiki ya kiti, na kwa kuwa alikuwa mama yangu, nikatia waya. Nilitia mara mbili ya kawaida, mishono kumi na minne, nikaizamisha vizuri, nikafunika, nikasugua mpaka pakawa laini. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Enjenia aliporudi alinigombeza kwa sauti yake ya chini, akapapasa mahali penyewe, akapinda bawa kidogo, likakaa imara. Akaguna. "Tujaribu kesho asubuhi," akasema.

Alhamisi kindege kikakataa. Kilifungwa bawa, kikawashwa, na kwenye kompyuta yake mistari yote ikawa myekundu. Alizima, akawasha. Akabadilisha betri. Akafungua tumbo, akachomoa nyuzi za umeme, akazirudisha moja moja. Jua lilipanda, na sanduku la chanjo lilikuja likarudishwa kwenye frigo. Mara tatu mama alinipigia kuuliza kama nimekula. Huyo ndiye mama yangu: kaumwa na mbwa mwenye kichaa, anauliza habari za tumbo langu.

Waadhini walipoita adhuhuri, enjenia alitoa simu yake, akafungua dira, akaipitisha polepole juu ya kindege kuanzia mkiani. Mshale ulitulia ukionyesha kaskazini. Ukatulia juu ya tumbo. Ukatulia juu ya bawa la kulia. Alipofika juu ya kiungo changu, ule mshale ukageuka, ukazunguka, ukatazama mto Lualaba.

"Yaya, humu ndani mna nini?"

"Hamna kitu," nikasema.

Nilisema hivyo, Mungu ananiona. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi hii, na nimwone mtu wa Bukavu akinipitishia simu juu ya kazi yangu? Kilikuwa kiburi. Alinitazama tu, hakubisha, akarudi kwenye kompyuta kutafuta kosa upya, na nikaona kwamba ameniamini. Ananiamini, na atatafuta mpaka jioni mahali ambapo hakuna kosa, na siku ya kesho itaingia, ile kesho kutwa aliyoiogopa muuguzi.

"Waya," nikasema. "Nimetia waya. Mishono kumi na minne."

Nilingoja anitukane. Ningemtukana mimi. Alifunika uso kwa viganja, halafu akaanza kunifundisha, na hilo liliniuma kuliko tusi. Kindege hakina macho, akasema. Kinajua njia kwa sumaku iliyo hapa, shina la bawa. Dunia yenyewe inaivuta ile sumaku, ndipo kinajua Wamaza ni upande gani. Mimi nimeweka chuma kando yake. "Inasikia waya zako, haisikii tena dunia."

Nilitazama ardhi ya uwanja ule, majani yaliyoliwa na mbuzi. Nimetembea juu yake tangu nizaliwe na sikujua kwamba inavuta. Niliogopa kidogo, kusema ukweli.

Nilizichomoa zote. Kila moja ilitoka na nyama ya bawa, na kidonda kikawa kipana kuliko alichofanya mbuzi. Nikamuuliza sasa kitashikwa na nini bila waya.

"Na yenyewe," akasema. "Moto, uzito, na kupoa ikiwa imekandamizwa. Kwa kiwanda kuna mashine. Tabaka zikiyeyuka pamoja na kubanwa mpaka zipoe, haiko tena kiungo. Inakuwa kitu kimoja."

Hapo ndipo nilipoona kosa la maisha yangu yote. Sisi tunayeyusha, tunapaka, tunaacha. Hatubani. Ndiyo maana tunahitaji waya.

"Mashine sina," nikasema. "Lakini nina pasi."

Nilikwenda kuazima pasi mbili za makala kwa mshona nguo jirani yangu. Moja nikaijaza moto, nyingine nikaijaza mawe. Tukajaza bawa mchanga mkavu kwa ndani, tukaushindilia, ili pasi ipate kitu cha kugandamizia. Enjenia akakata viraka kutoka bawa jingine lililokwisha kufa, vitatu, kila kimoja kikubwa kuliko mwenzake, na kila kimoja tukakipeleka kupimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa dhahabu, maana ndiyo mizani pekee Kasongo inayojali kitu chepesi kama kile. Bawa la kulia lilipaswa kuongezwa uzito uleule, la sivyo kindege kingeinama. Mnunuzi alipima plastiki kwa uso ule ule anaopimia dhahabu, akauliza, "Hii inatoka shimo gani?"

Halafu kazi ikawa yangu. Joto la pasi nalijua. Nilisugua pasi kwenye jani la mgomba iteleze, nikadondosha tone la maji: likikauka papo hapo kwa mlio, bado ni moto mno, likikimbia-kimbia juu ya chuma, hata hilo ni moto, nikangoja mpaka tone likatulia, likachemka mahali pake na kwisha. Enjenia akatandaza juu ya kiraka kitambaa chake cha rangi ya chai, ambacho plastiki haikishiki. Nikaweka pasi, nikailalia kwa mikono yote miwili. Tulihesabu pamoja kwa sauti. Alipoinua mkono, nikaondoa pasi ya moto, nikabandika ile ya mawe palepale, nikaikandamiza mpaka mabega yakatetemeka.

Ilipopoa akagonga kwa spana ndogo. Bawa zima liliita ti, ti, ti. Kwenye kiraka likajibu du, kama ngoma iliyolowa.

"Haijashika," akasema.

Nikataka kulia. Akanigusa bega. "Yaya, hii plastiki inasamehe. Rudisha moto."

Na kweli, ilikubali. Zege likikosewa ndiyo basi, udongo ukichomwa haurudi. Lakini ile iliyeyuka tena kana kwamba hatukuikosea, nyuzi zake zikalala tena, nikabana tena, safari hii nimekaa juu ya pasi kwa makalio, heshima pembeni. Alipogonga, liliita ti, ti, ti, likapita kwenye kiraka, ti, ti, likaendelea mpaka ncha. Alirudia mara tatu. Nami nikapitisha kucha kutafuta mwanzo wa kazi yangu, sikuuona. Nilibaki nimeinama pale. Nimeunga vitu maisha yangu yote, na ile ilikuwa mara ya kwanza kuona vitu viwili vimekuwa kimoja. Nilisema, "Mungu wangu," na sikuwa naapa.

Tulimwaga mchanga, tukalaza bawa juu ya viti viwili, tukalipandishia mifuko ya chumvi mpaka likapinda kama upinde. Halikulia. Jua lilikuwa limekwisha shuka, na enjenia hakukubali kurusha bila mwanga wa kurudia. Ijumaa basi. Ile siku ambayo muuguzi aliiogopa.

Asubuhi na mapema mbuzi wote walifukuzwa na mji mzima. Sanduku likaingia tumboni. Mistari ya kompyuta ikawa kijani, yote. Mpira ukavutwa na wanaume sita, ukaachiwa, na kindege kikatoka juu ya vichwa vyetu na kilio chake chembamba. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilitazama bawa la kushoto tu. Lilipinda kwenye upepo, likarudi. Sikupumua mpaka kilipokuwa nukta, na nukta ikaisha.

Nilimpigia mama. Alikuwa nje ya kituo na nusu ya Wamaza. Nikamwambia asikate simu. Ilikuwa muda mrefu, nikisikia watoto, kuku, mama akimgombeza mtu amkanyagaye. Halafu wote wakanyamaza. Halafu, ndani ya sikio langu, mbali, nikasikia ule mlio mwembamba. Ulikuja, ukakua, ukapita juu ya kichwa cha mama yangu.

"Inaanguka!" mama akapiga kelele. "Hapana. Imetupa sanduku. Iko na mwavuli. Yenyewe inageuka, inarudi kwenu. Ee, mwanangu, iko muzuri!"

"Nenda ukachomwe sindano, mama! Utaisifu baadaye."

Kindege kilirudi salama. Kilikwenda tena kwa kila sindano iliyofuata, na kila mara nilisimama uwanjani mpaka kirudi. Mama alizimaliza zote. Mkono ukapona. Enjenia alipata bawa lake jipya kutoka Kindu, akaliacha kwenye sanduku.

Miezi miwili haikuisha, mama akapiga simu tena. Sauti yake ilikuwa chini, nami sijazoea. Akaniambia kwamba asubuhi ile ile, kabla yake, mbwa yule alimwuma mtu mwingine njiani, mchimba dhahabu aliyetoka Kivu, kwenye mguu. Sindano za kwanza zilipofika, muuguzi alituma watu wamtafute mashimoni, maana hata ya kwake ilikuwemo. Walikuta amehama shimo. Hakuna aliyejua amekwenda lipi. Sasa alikuwa ameletwa Wamaza amefungwa nyuma ya pikipiki, na wanawake wa kanisa walikwenda kukaa naye kwa kuwa hakuwa na mtu wake. Mama alikuwa mmoja wao.

"Alikuwa na kiu," mama akasema. "Aliomba maji. Nikamupa kopo, akalishika yeye mwenyewe, na mikono miwili. Alitaka kunywa, mwanangu, alitaka kabisa. Koo ikakataa. Akitazama tu yale maji, mwili wote ulikuwa unaruka. Muuguzi anasema ile ndiyo kichaa ya imbwa. Tumemuzika jana. Hatujui kwao ni wapi."

Nilikuwa nimekaa barazani, beseni la mtu miguuni, jiko linawaka.

"Mama," nikasema, "una maji hapo karibu?"

"Maji ya nini?"

"Kunywa nikusikie."

Aliniambia sina akili, na kwamba salio lake linakwisha. Nikamwomba tena. Nikasikia kifuniko cha mtungi, kopo likichota, pumzi yake ikikaribia simu. Halafu nikasikia koo la mama yangu likimeza. Mara moja. Mara mbili.

"Endelea," nikamwambia, na akanywa mpaka kopo likaisha.